Namba Kumi wa Onimori

Onimori, 14 Mei

Kaka Kyohei,

Nianze na jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote: huwa sisomi. Kile kitabu ninachokishika uzioni kila mechi, kile ambacho Mama anasema kitaniharibia macho, kimefunguliwa ukurasa ule ule tangu nikiwa darasa la sita. Nakiinua ili watu wasinisemeshe, kisha naangalia mpira juu yake. Naijua raga, Kaka. Najua kwa nini vijana wetu wakisukumana kwenye skramu huzunguka kila mara upande wa kushoto. Najua kwamba wewe, kabla ya kumpita beki, ulikuwa unamtazama miguu, kamwe si uso. Nakwambia kwa sababu uko Osaka na bweni lenu linawanyang'anya simu, kwa hiyo huwezi kunicheka papo hapo.

Jumapili tulifungwa tena, 48 kwa 5. Baba amebaki na wachezaji kumi na watano, hana hata mmoja wa akiba. Gunji alipogongwa pua, ilibidi aendelee na pamba puani.

Watu wa uzioni walikuwa wakali.

"Mwalimu Togashi anafundisha raga au mashairi ya kale?" alisema Mzee Konno wa duka la tofu. "Vijana wanaupokea mpira kama wamepewa mtoto wa mtu."

"Wewe Konno, enzi zako mlishinda nini?" Mama Narita wa saluni akamrukia. "Nilikuwepo mimi. Mlifungwa hata na shule ya kilimo."

"Tulifungwa kiume!"

"Mwacheni mwalimu. Watoto ndio hawapo. Mji umeacha kuzaa."

"Umeacha kuzaa? Si alizaliwa mmoja mwenye kipaji, baba yake mwenyewe akampakia kwenye treni! Kocha gani anamlea kijana mpaka anaiva, halafu anawagawia watu wa Osaka?"

Hapo mtu akaniona, wakageukia uwanja wote. Kwa mara ya kwanza nikageuza ukurasa.

Baba hasemi lolote kuhusu wewe. Lakini barua yako ikifika, ananawa mikono kwanza ndipo anaipokea.

Niambie ukweli, wamekupa namba?

Mdogo wako,
Chinatsu


Osaka, 3 Juni

Chinatsu, mwongo mkubwa wewe,

Miaka yote hii nikijisifu nina dada msomi! Nimecheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akanitupia mto.

Hapa shuleni Minamihora ni kazi tu. Asubuhi mabakuli matatu ya wali, na kocha anapita akikagua kama umemaliza. Jumamosi tuliwakung'uta wageni kutoka Nara 62 kwa 7. Mikwaju minane tulipiga, saba ikapita katikati ya milingoti. Ungeona!

Waambie watu wa uzioni kwamba Mama Narita yuko sahihi nusu. Watoto ni wachache, sawa, lakini Baba naye anataka kila mpira ukimbizwe kwa mikono. Ukiwa na vijana wepesi huwezi kugongana na magogo. Unapiga mpira mbali, unaufuata mbio, unawaacha wao wageuke. Hapa hata kikosi cha nne kinalijua hilo.

Kuhusu kupakiwa kwenye treni, Mzee Konno hajakosea. Baba alinifungia mizigo mwenyewe. Soksi jozi kwa jozi, viatu kavizungushia gazeti, achari ya figili ya moshi kaifunga mara tatu isinukie nguo. Mtu anayetaka mwanawe abaki hafungi mizigo vizuri namna ile.

Usimwambie nimesema hivyo.

Kyohei


Onimori, 7 Julai

Kaka,

Sikumwambia Baba. Lakini nimefanya jambo jingine, na sijui kama utafurahi.

Jumapili Mzee Konno alikuwa amemwandama Baba tena, nami nikasikia sauti inasema, "Kaka yangu anasema hata vijana wepesi wanaweza kushinda." Ilikuwa sauti yangu! Wakageuka wote. Nikatoa barua yako mfukoni nikawasomea ile sehemu ya mikwaju saba. Sehemu ya mizigo niliiruka.

"Saba kati ya minane!" Mzee Konno akavua kofia. "Mnasikia? Yule ni wetu. Mguu ule umelelewa kwa tofu yangu."

"Na kwa nani tena?" Mama Narita akamuuliza. "Nani alimfundisha kupiga? Tofu?"

Mzee Konno akakuna kichwa. Tangu siku hiyo amepunguza maneno juu ya Baba. Ameandika kwa brashi kwenye kibao cha duka lake, chini ya bei ya tofu: *Namba kumi wa Onimori yuko Osaka.* Watu wanasimama kukisoma. Wahitimu wa zamani waliotaka Baba aachie ukocha wamekubali kungoja mpaka mechi za vuli. Wanasema, aliyemtengeneza Kyohei huenda atatengeneza mwingine.

Unaona umefanya nini bila hata kuwepo? Niandikie zaidi. Kila mechi.

Chinatsu


Kambi ya kiangazi, 22 Agosti

Chinatsu,

Tuko milimani kwa kambi. Viwanja havina idadi, timu kutoka nchi nzima, nyasi mpaka kwenye supu.

Tafadhali usiwasomee watu tena barua zangu.

Nani anacheza namba kumi pale nyumbani siku hizi? Gunji bado anafunga kamba za viatu mara mbili? Baba bado anawaita mmoja mmoja na kuwakabidhi jezi kwa mikono miwili, hata mechi za kirafiki? Hapa siku ya kugawa jezi tunakaa ukumbini zaidi ya mia, wanaitwa ishirini na watano, na sisi wengine tunapiga makofi. Nasema sisi kwa maana ya shule nzima.

Wewe unayejua sheria: mchezaji akihama shule, anakaa nje mechi rasmi kwa muda gani? Kuna jamaa hapa bwenini anauliza.

Kyohei


Onimori, 30 Agosti

Kaka,

Nimefurahi umeniuliza mimi! Nilikwenda maktaba kuhakikisha. Mwambie rafiki yako kwamba ni miezi sita tangu siku anapoandikishwa shule mpya. Mechi za kirafiki na mazoezi anaruhusiwa. Kwa hiyo akihama mwezi ujao wa tisa, mwezi wa tatu yuko huru, na mwaka wake wote wa mwisho anacheza. Akingoja mpaka Aprili, mwaka mpya wa masomo ukianza, anabaki na mechi za vuli tu, na timu ikitolewa mapema ndiyo basi. Mimi ningemshauri apime vizuri. Minamihora haipatikani mara mbili.

Habari za hapa si nzuri. Wawili wameacha, mmoja goti, mwingine anajiandaa na mitihani. Kumi na watatu hawawezi kuingia mashindano. Baba ameungana na shule ya ng'ambo ya mto, na sheria inaruhusu kila mmoja avae soksi za shule yake. Mzee Konno anawaita Timu ya Soksi Mbili. Namba kumi ni mvulana wa ng'ambo. Anatazama uso.

Usihuzunike kwa ajili yetu. Mji mzima unaishi kwa Jumamosi zako.

Chinatsu


Osaka, 9 Novemba

Chinatsu,

Samahani kwa kukaa kimya. Nimesikia mmefungwa 83 bila. Mwambie Gunji pole.

Sisi tumeshinda fainali ya mkoa, tunakwenda Hanazono, mashindano ya taifa ya mwisho wa mwaka. Usishangae kutoona jina langu gazetini. Nimeteguka kifundo cha mguu. Si kitu kikubwa.

Kyohei


Onimori, 1 Desemba

Kaka,

Pole sana! Weka barafu, usijitie ushujaa. Mama anakutumia dawa ya kupaka.

Sikia hili. Mzee Konno ameamua. "Kifundo kinapona kwa majuma matatu," amesema, "na mimi sifi kabla sijamwona yule mtoto Hanazono." Yeye na mimi tunakuja kwenye mechi yenu ya kwanza! Atafunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi ya binti yake. Mama Narita ameshona bango la kitambaa, urefu wa watu watatu waliolala. Sikuambii limeandikwa nini.

Nilimwuliza Baba kama atakuja. Akasema ana karatasi za mtihani za kusahihisha. Kisha akaenda stoo ya mipira akakaa huko muda mrefu.

Chinatsu


Osaka, 20 Desemba

Msije. Tiketi ni shida na baridi ni kali. Mwambie Mzee Konno asifunge duka. Nakuomba.

Kyohei


Onimori, 4 Januari

Kaka Kyohei,

Barua yako ilifika, na nilidhani ni unyenyekevu. Nilisema moyoni, ndivyo alivyo kaka yangu, hapendi makelele.

Acha nikueleze tulivyokuona, kwa sababu ulituona lakini hukujua tuliona kiasi gani.

Tulifika mapema tukafunga bango kwenye reli, ng'ambo kabisa ya wanafunzi wenu. KYOHEI TOGASHI, NAMBA KUMI WA ONIMORI. Mzee Konno akanunua kijitabu cha mechi. Akapitisha kidole kwenye majina ya timu yenu, juu mpaka chini. Akavaa miwani, akaanza upya.

"Wamekosea kuchapa," akasema. "Watu wa Osaka hao."

Kisha wanafunzi wenu wakaanza kuimba, nami nikakuona. Ulikuwa mstari wa mbele, koti la shule, kipaza sauti mkononi, ukiwaongoza. Ulikuwa unaruka. Kifundo chako kiko salama, Kaka. Niliona ukiruka mechi nzima.

Na macho yako yalikuwa kwenye bango letu. Hukuweza kuangalia pengine, tulikuwa tumelifunga mbele yako. Ukaendelea kuimba huku unalisoma.

Mzee Konno alinyanyuka akafungua kamba, akalikunja bango akalikalia. Alitazama mpira mpaka mapumziko. Kisha akasema, "Anaimba vizuri, yule mtoto. Kifua anacho."

Tulikungoja kwenye lango la mabasi. Ulitoka, ukatuona, ukapanda basi.

Sijakasirika. Nataka tu kujua tangu lini.

Chinatsu


Osaka, 12 Januari

Chinatsu,

Tangu mwanzo.

Tuko mia moja na ishirini na zaidi. Mimi ni kikosi cha nne, na hata huko namba kumi ni mwenzangu, mimi ni wa kungoja. Sijavaa jezi yenye namba ya Minamihora hata siku moja. Tunafanya mazoezi nyuma ya maegesho wakati kikosi cha kwanza kiko uwanjani. Makocha si wabaya. Hawana macho ya kutosha kwa watu wote hao. Baba alikuwa ananitazama mimi tu, na sikujua kwamba hiyo nayo ni mali.

Rudia barua zangu. Sikuandika popote kwamba nilicheza. Niliandika "tulishinda", "tulipiga". Nilidhani utagundua, wewe msomi. Kuhusu kucheza, kifundo ndicho uongo wangu pekee.

Mwezi wa nane nilikuuliza sheria ya kuhama. Hakukuwa na jamaa yeyote. Nilitaka mtu mmoja aniambie rudi. Ukanijibu kwa vifungu vya sheria, tena vizuri, kama kawaida yako. Kisha ukaandika kwamba mji mzima unaishi kwa Jumamosi zangu. Ningerudije baada ya hapo?

Sikulaumu. Baba pia hakuniambia nibaki.

Mwambie Mzee Konno samahani kwa basi.

Kyohei


Onimori, 25 Januari

Kyohei,

Theluji ya mwaka huu ni nzito. Paa la stoo ya mipira limeinama lakini halijavunjika. Natumaini wewe ni mzima.

Dada yako amenionyesha barua zako zote, bila ruhusa yako na baada ya kulia sana. Usimkasirikie.

Sikukuambia ubaki kwa sababu ungebaki. Ulikuwa mtoto mtiifu mno. Hapa hakukuwa na kijana wa kukimbia sambamba nawe, nami nikaogopa kipaji chako kitakonda mikononi mwangu. Mizigo niliifunga vizuri kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu siku ile.

Watu wa uzioni wanajiuliza kama mimi ni kocha mbaya. Nami najiuliza, na sasa ninapojiuliza nakuona wewe jukwaani, ingawa sikuwepo.

Kula ushibe.

Baba


Onimori, 17 Machi

Kaka,

Leo gazeti la mkoa limetoa majina ya walimu wanaohamishwa. Baba anapelekwa shule ya milimani isiyo na raga. Aliipokea habari kama anavyopokea zamu ya kufagia. Wachezaji wanaobaki ni sita, hakuna mwalimu wa kuwachukua, na mkuu wa shule amesema Aprili timu inavunjwa.

Mzee Konno alikwenda mwenyewe ofisini kwa mkuu, na aproni yake. "Mnamwondoaje kocha wetu?" akafoka. Kocha wetu! Mama Narita alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli.

Lakini Mama Narita ameleta wazo. Jumapili ya tarehe 28 kutakuwa na mechi ya mwisho, Onimori dhidi ya Uzio. Wale wa darasa la mwisho wanarudi kuvaa jezi, na wazee wa uzioni watacheza upande wa pili. Si mechi rasmi, kwa hiyo hakuna sheria ya miezi sita wala shule yako haihusiki. Ni likizo. Treni ni ileile.

Mwezi wa nane nilikujibu vibaya. Najibu sasa: rudi. Hata kwa siku moja. Jezi namba kumi ipo.

Chinatsu


Osaka, 22 Machi

Chinatsu,

Nimeisoma barua yako mpaka imechakaa.

Juma lililopita wamenipandisha kikosi cha tatu. Namba kumi wa huko ameumia, nami nimeanza mechi mbili. Kocha alisimama akaangalia, akasema, "Wewe wa kaskazini, unatazama miguu. Nani kakufundisha?" Nikasema, baba yangu.

Akiondoka mtu likizo hii, nafasi yake inachukuliwa siku hiyo hiyo. Nimebakiwa na mwaka mmoja tu, Chinatsu. Nikija, nimeupoteza. Nisipokuja, sitaivaa tena jezi ya Onimori maisha yangu yote. Nimekaa na hilo siku nzima.

Siji. Mwambie Baba yale maneno ya kocha. Usimwambie kwamba niliandika barua hii mara tatu.

Kyohei


Onimori, 29 Machi

Kaka Kyohei,

Nilimwambia Baba maneno ya kocha. Alikuwa anakula. Aliweka vijiti chini, akasema, "Alisimama kweli akaangalia?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kula polepole sana.

Jana theluji ilikuwa imebaki pembeni tu, uwanja tope. Timu ya Uzio walivaa walichonacho. Mzee Konno alikuja na mabuti ya dukani. "Leo nawafundisha vijana kufungwa kiume," akatangaza, na Mama Narita, aliyekuwa winga, akamwambia atunze pumzi.

Baba alikuwa amezifua jezi zote mwenyewe. Halikuzungumzwa jambo lolote kuhusu wewe, na mimi nilidhani ataiacha namba kumi stoo. Vijana wakajipanga, akaanza kuita kama siku zote, jezi mikono miwili.

"Namba tisa, Gunji."

"Nipo!"

"Namba kumi, Kyohei."

Baba hakushusha mikono. Aliinyoosha jezi mbele ya mahali ungesimama, na nadhani hakuwa amekusudia kuita jina lako, lilimtoka tu kwa mazoea. Gunji akatazama chini. Mzee Konno, ambaye hajawahi kusema kwa sauti ndogo, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, basi. Tucheze kumi na nne kwa kumi na nne. Mimi nitatoka."

Baba bado ameinyoosha.

Nikafunga kitabu. Nikakiweka juu ya nguzo ya uzio, nikapita kwenye kilango, nikaenda kusimama pale.

"Nipo," nikasema.

Baba alinitazama. Kisha akarudia, "Namba kumi, Chinatsu," na akainama, nami nikainama, nikapokea.

Inanifika magotini. Mkwaju wangu wa kwanza ulitoka nje na kuanguka kwenye kapu la Mama Narita, na wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Lakini kipindi cha pili nilipewa mpira, na Mzee Konno akanijia kama ukuta. Sikumtazama uso. Alikuwa ameegemea mguu wa kulia, nikapita kushoto kwake.

"We binti!" akapiga kelele akiwa topeni. "Umetokea wapi wewe?"

"Hapo hapo uzioni," nikamjibu.

Nilikabwa hatua chache mbele na watu watatu wenye umri wa Baba. Tulishindwa, 17 kwa 12. Onimori imemaliza historia yake kwa kufungwa na muuza tofu. Baba aliwashukuru wote, akafunga stoo, akampa mkuu ufunguo.

Baadaye niliifua jezi kwenye beseni, maji yakatoka meusi mara mbili. Niliianika karibu na jiko, ikakauka. Nikaikunja kama Baba anavyokunja, nikaizungushia gazeti. Iko kwenye kifurushi hiki, chini ya achari. Kesho asubuhi nakipeleka posta.

Chinatsu